Goli Moja, Kelele Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

PS4 ya upande wa kushoto imejizima tena. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, mechi ni mbili-mbili, na vijana wanne wako kwenye benchi wanasubiri zamu. Waliokuwa wanacheza nimewarudishia mia tano yao. Wa kwenye benchi wakadai kwamba na wao wamepotezewa muda. Walikuwa na haki.

Kibanda changu kipo Chang'ombe, hapa Dodoma, kimepakana na mashine ya kusaga. Nina runinga tatu, PS4 mbili na PS3 moja ya zamani. Agosti kwetu ni mwezi wa upepo. Upepo unaleta vumbi, jirani anaongeza unga, na vyote viwili vinakwenda kukaa kwenye feni. Feni ikijaa inanguruma. Ikishindwa, mashine inachemka na kujizima yenyewe isije ikaungua. Tangu Juni nimeifungua mara nne.

Mpwa wangu anasoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Alikuja kula usiku akanikuta nimeitawanya PS4 juu ya meza ya chakula, skrubu nimezipanga kwenye kifuniko cha sufuria.

"Mjomba, hii habari ya kununua mashine inaisha," akasema. "Siku hizi watu wanacheza kwenye wingu."

Akanieleza taratibu, na nampongeza kwa hilo. Gemu linaendeshwa na kompyuta kubwa iliyo kwenye jengo la kampuni, nchi nyingine. Picha inasafiri kwa intaneti mpaka kwenye runinga yako, kama filamu. Ukibonyeza pedi, amri yako inasafiri kurudi kule. Kwako hakuna diski, hakuna feni. Unalipa kwa mwezi.

Nilimsikiliza bila kumkatiza. PS5 nimeishia kuitazama dukani. PS4 iliyotumika inakula kodi ya kibanda ya miezi kadhaa. Mtu akikwambia mashine inaweza kukaa mbali na vumbi la Dodoma ikaendelea kukufanyia kazi, hilo ni jambo la kusikilizwa.

Mke wangu akauliza meza itapatikana saa ngapi. Ilipatikana saa nne kasoro, ugali ukiwa umepoa.

Jumanne, 5 Agosti

Pedi mbili nilizoagiza Kariakoo zilipakiwa kwenye basi jana. Nimekwenda kuzichukua stendi kuu. Wiki hii ni ya maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, kwa hiyo barabara yote ya upande ule imejaa magari, matrekta na wanafunzi waliopangwa mistari. Daladala ilitumia saa nzima na dakika kumi. Nilisimama njia yote.

Kwenye dirisha la mizigo tulikuwa watu kumi na mmoja. Mhudumu alikuwa amekwenda kula. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anasubiri tenga la vifaranga, na vifaranga walikuwa wanasikika kutoka ndani, ila hakukuwa na mtu wa kumkabidhi. Saa nane na nusu nikapewa boksi. Ndani mna pedi moja. Nyingine itakuja na basi la kesho.

Jioni tukakaa na mpwa wangu na kompyuta yake kuzitafuta hizo huduma. Ya kwanza iliandika kwamba haipatikani katika eneo letu. Ya pili ikaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa zaidi. Hilo halikunishangaza sana. Ukifungua akaunti ya PlayStation unatakiwa uchague nchi, na Tanzania haimo kwenye orodha. Akaunti za vibanda vingi huku zimefunguliwa kwa jina la Marekani au Afrika Kusini. Tumeshazoea kuingia kwa mlango wa jirani. Google ilipoanzisha Stadia, huduma yake ya kucheza kwenye wingu, Novemba 2019, ilianza na nchi 14. Hakukuwa na nchi hata moja ya Afrika.

Mpwa wangu akapendekeza VPN, ili tuonekane tuko nchi nyingine. Nikamkatalia. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN wajisajili, na mimi nina leseni ya biashara ukutani.

Huduma ya tatu, ndogo, ya Ulaya, ilitukubali. Haikuuliza tunatoka wapi. Tulipofika kwenye malipo, kadi ya mtandaoni niliyofunguliwa kwenye simu ilikataliwa. Tukajaribu tena, ikakataliwa tena, na mara zote mbili nikaletewa ujumbe wa kunishukuru kwa kutumia huduma. Tukabaki na upande wa bure. Upande wa bure mtu anapewa saa moja ya kucheza, kisha anarudi nyuma ya foleni.

Foleni nimeizoea.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ndefu. Naiandika yote kwa sababu leo ndipo nimeelewa jambo.

Tuliamka mapema kwa makusudi. Saa kumi na mbili asubuhi yetu Ulaya bado wamelala, na foleni inakuwa fupi. Niliweka bando la GB 10 kwenye simu, shilingi 20,000, nikawasha hotspoti, mpwa wangu akaunganisha kompyuta yake na runinga ya kati. Tuliingia moja kwa moja. Kukafunguka gemu la mpira la bure. Nyasi zilionekana kila unyasi peke yake. Kompyuta ile ya mpwa wangu huwa inakwama hata ukifungua kurasa nyingi za intaneti, na leo ilikuwa inaonesha uwanja ambao PS4 yangu haiwezi kuuchora. Nilisimama katikati ya kibanda na ufagio mkononi, nikasahau kufagia.

Saa ya kwanza ilipoisha, tuliangalia simu. GB 4.5 zimekwenda. Mpwa wangu akapiga hesabu nyuma ya daftari la madeni: picha ilikuwa inavuta megabiti 10 kila sekunde, saa ina sekunde 3,600, gawa kwa nane, kisha kwa elfu, upate GB. Jibu likawa lile lile. Na hiyo ni picha ya kiwango cha kati. GeForce NOW, huduma ya Nvidia, inataka megabiti 15 kwa picha ya kawaida na 25 kwa picha kali. Kwa 15 tu, saa moja inakaribia GB 7.

Hesabu yangu ni fupi zaidi. Mechi moja kwangu ni dakika 12, ukijumlisha kupanga kikosi na kubishana. Saa moja ni mechi tano, yaani shilingi 2,500. GB 4.5 kwa bei niliyonunua ni shilingi 9,000. Yaani nikipokea 2,500 natoa 9,000, na umeme wa LUKU bado sijaugusa.

Bando liliisha dakika kumi baada ya kuanza saa ya tatu. Picha iliganda mchezaji akiwa hewani, mguu mmoja mbele. Alikaa hivyo hivyo mpaka nilipozima.

Usiku Taifa Stars walicheza na Mauritania kwenye mashindano ya CHAN, uwanja wa Mkapa. Runinga ya kati ina kisimbuzi, na siku ya Stars sitozi. Kibanda kilijaa, wengine wamekalia ndoo. Mechi ilikuwa bila bila mpaka dakika za mwisho.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi viatu mwenye redio. Ghafla akapiga kelele, akarusha ndala juu. Sisi kwenye runinga tulikuwa tunaona mpira bado unachezwa, hakuna hatari yoyote. Tukatazamana. Baada ya muda Kapombe wa Stars akafunga, na sisi tukapiga kelele zetu, ila zilikuwa kelele za watu walioambiwa kabla. Tulipokuwa tunakaa, vijana wa kwenye genge la chips, wanaotazama kwenye simu, ndipo nao wakalipuka.

Goli moja limeshangiliwa mara tatu kwenye mtaa mmoja.

Wateja wangu walimkasirikia fundi viatu. Mmoja alivuka barabara kumwambia asishangilie mpaka aone sisi tumeshangilia. Mzee yule akamjibu kwamba redio ameinunua kwa pesa yake. Mimi nilikuwa namtazama mpwa wangu, na yeye alikuwa ananitazama.

"Umeona, Mjomba?" akasema.

Nimeona. Picha ya kisimbuzi inabanwa kwanza, inapanda kwenye setilaiti iliyo juu karibu kilomita 36,000, inashuka, inafunguliwa. Ya simu inapita kwenye kompyuta kadhaa na kuwekewa akiba kidogo ili isikwame njiani. Kila moja inachelewa kwa kiasi chake. Kwa anayetazama, hasara ni kuharibiwa utamu tu. Kapombe hakuwa anasubiri amri kutoka Chang'ombe. Angefunga hata kama sisi tungeona kesho.

Kwenye gemu wewe ndiye Kapombe. Mpwa wangu alilieleza vizuri: filamu unaweza kuiwekea akiba kwa sababu kinachofuata kinajulikana tayari. Gemu halina akiba. Picha inayofuata haijatengenezwa, inasubiri kidole chako.

Nililala saa sita nikiwaza jambo hilo. Pedi ya pili haikuja na basi la leo.

Alhamisi, 7 Agosti

Jioni tulijaribu tena. Mpwa wangu alitaka wateja wenyewe waone. Nikaweka bando jingine, dogo. Jioni yetu ni jioni ya Ulaya pia, na kila mtu kule ametoka kazini.

Tulikuwa wa 214 kwenye foleni.

Nimepanga foleni za hospitali, za benki, za sukari, za vitambulisho. Kwenye zote hizo unamwona mtu aliye mbele yako. Unajua amevaa nini, na akitoka unamshika shati jirani ili nafasi isipotee. Hii ni namba tu kwenye kioo, inashuka taratibu: 198, 176, 131. Vijana sita walikuwa wameikodolea macho kana kwamba ni mechi. Ilipofika 40 wakaanza kuhesabu kwa sauti.

Tulipofika wa 9, umeme ulikatika.

Ulirudi baada ya dakika 40. Tukaingia tena. Tulikuwa wa 231.

Niliwafungulia PS3. Ina diski ya PES 2013, imekwaruzwa upande mmoja, wachezaji wake wengi wameshastaafu. Iliwaka mara moja. Hakuna aliyetuuliza tunatoka wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo ni Nanenane, sikukuu, shule zimefungwa. Rafiki yangu wa Area D ana faiba nyumbani, ya kulipia mwezi mzima bila ukomo wa GB. Kwetu Chang'ombe nguzo zimeshafika, waya bado. Alitukaribisha twende tujaribu kwake. Nilikwenda na mpwa wangu na vijana wawili wa kibandani, mmoja wao akiwa yule mdogo wa miaka 12 anayewafunga wakubwa. Tulipanda bajaji moja, pedi nimezipakata.

Mambo ya bando hapa hayapo tena. Huo ndio ulikuwa uzuri wa jaribio la leo. Spidi ilikuwa megabiti 40. Picha haikuganda hata mara moja kwa muda wote tuliokaa. Kama tatizo lingekuwa bando peke yake, ningerudi nyumbani na jibu.

Kijana mkubwa alianza. Dakika ya tatu akageuka kunitazama. "Anko, inalegi."

Haikuwa inakwama. Ilikuwa inatii kwa kuchelewa. Anabonyeza pasi, mchezaji anapiga hatua moja zaidi, ndipo anatoa pasi. Kwa wakati huo beki ameshafika. Anabonyeza shuti, mguu unanyanyuka kipa akiwa ameshatoka. Kila kitu kinafanyika, kila kitu kinafanyika nyuma ya wakati wake. Nilishika pedi mwenyewe. Ilikuwa kama kumtuma mtoto dukani, unasikia anasema "haya" kutoka chumba cha pili.

Mpwa wangu alipima. Pingi ilikuwa milisekunde 165 kwenda na kurudi, na mashine yetu ilikuwa Frankfurt, Ujerumani. Runinga inaonesha picha 60 kila sekunde. Milisekunde 165 ni picha kumi. Yaani unachokiona na unachokifanya vimeachana kwa picha kumi, na mkwaju wa penalti unaamuliwa ndani ya hizo.

Nvidia wenyewe wanasema pingi isizidi 80, na ili ucheze vizuri iwe chini ya 40. Nikauliza kama kampuni ya faiba inaweza kuipunguza. Mpwa wangu akachukua kalamu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 6,800. Kwenda na kurudi, mwanga peke yake unatumia milisekunde 68, hata kama hakuna kitu kingine njiani. Na waya haunyooki. Unashuka na Mkongo wa Taifa hadi Dar es Salaam, unaingia baharini, unazunguka Pembe ya Afrika, Bahari ya Shamu, mpaka Ulaya. Kwa hiyo hata wakituletea faiba ya dhahabu, arobaini hatuioni.

Nilihuzunika kweli. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakachokifanya na nafasi ya zile PS4. Bei nilikuwa tayari kuigombania. Kilomita sikuwa na namna.

Kijana mdogo hakuhuzunika. Alikaa mbele ya runinga, magoti yamekunjwa, akacheza mechi nne bila kusema kitu. Mbili za kwanza alifungwa. Ya tatu nikaona anafanya jambo. Alikuwa anabonyeza kabla. Mpira ukiwa bado unakuja, kidole kimeshatoa pasi. Anakadiria mahali mchezaji atakapokuwa, anatuma amri mapema, na amri inafika wakati wake. Ya nne alishinda tatu bila. Mwenzake akaacha pedi chini. "Huyu anacheza na kesho," akasema.

Nilimtazama kidole gumba. Kilikuwa kinatangulia macho yake. Sijawahi kuona kitu cha namna ile, na nimekaa na wacheza gemu miaka saba.

Rafiki yangu alitupa zabibu za bustanini kwake. Zilikuwa chachu, msimu wake bado. Tulizimaliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Jumamosi ndiyo siku ya mapato. Kijana mdogo alifika saa nne asubuhi, wa kwanza, akalipa mia tano yake, akakaa PS4 ya kulia ambayo ni nzima.

Alifungwa nne bila na mtu ambaye yeye ndiye humfunga kila wiki.

Pasi zake zote zilitoka mapema. Beki anausubiri mpira, yeye ameshapiga hewa. Penalti aliipiga kabla kipa hajasogea, ikaenda mikononi mwake. Alitazama pedi, akaigeuza, akaniambia imeharibika. Nikaijaribu, ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni kidole. Kwa mechi nne tu kimejifunza kuishi Frankfurt, na sasa kimerudi Chang'ombe hakijui saa ngapi. Alifungwa tena, akaondoka bila kuaga. Mtoto huyu huwa anaaga.

Iliniuma siku nzima. Mimi ndiye niliyempeleka.

Mchana mpwa wangu alinisomea masharti ya huduma kubwa, moja baada ya nyingine. Zinatolewa kwa matumizi ya mtu binafsi, si ya biashara. Kwa hiyo kibanda kisingeruhusiwa hata kama Ujerumani ingehamia Morogoro. GeForce NOW nayo, kwa wanachama wapya tangu Januari 2025, imeweka ukomo wa saa 100 kwa mwezi hata kwa anayelipa. Kibanda changu kinafunguliwa saa 12 kwa siku. Saa 100 zingeisha siku ya tisa. Na kule unakodi mashine tu. Magemu mengi unatakiwa uwe umeyanunua kwingine.

Nilimuuliza kuhusu yeye mwenyewe, nje ya kibanda. Ana kompyuta dhaifu, ana intaneti ya chuo, na hana pesa ya kununua mashine. Je, kwake inafaa?

Alifikiri kabla ya kujibu. Akasema kuna gemu la hadithi alilocheza jana usiku kwenye huduma ile ile, la kutembea na kuchagua maneno, na hakuusikia ucheleweshaji kabisa. Magemu ya kupanga mji, ya karata, ya kupokezana zamu, yanakwenda vizuri. Mpira, ngumi, risasi na mbio za magari hayaendi. Huo ndio mpaka, na nadhani kauweka mahali pake. Mwanafunzi mwenye intaneti isiyohesabiwa GB, anayependa magemu ya polepole, apate ya bure na acheze. Akitaka mpira, aje kwenye benchi.

Nilimuuliza pia itakuwaje kampuni ikifunga. Akanikumbusha Stadia. Google ilitangaza Septemba 2022 kwamba inaifunga, na tarehe 18 Januari 2023 ikazimwa. Wateja walirudishiwa pesa zao za magemu, na hilo ni la kusifiwa. Lakini mtu aliyekuwa amefika katikati ya gemu lake, siku hiyo mlango ulifungwa. Nikaitazama PS3. Imeshanunuliwa mara tatu na watu watatu tofauti, na diski yake ingali inasoma.

Na waya nao unakatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, na intaneti ikawa taabu nchi nzima. Naikumbuka wiki ile kwa sababu kibanda hakikuwahi kujaa vile. Watu wazima walikuja, wamekosa cha kufanya na simu zao. Afisa mmoja mwenye kitambulisho shingoni alisubiri zamu yake kwa dakika 50 na kufungwa sita na mwanafunzi wa darasa la tano. Alirudi kesho yake.

Sisemi wingu halitatufaa kamwe. Johannesburg iko kilomita 2,400 hivi kutoka hapa, na mwanga unakwenda na kurudi kwa milisekunde 24. Microsoft ina majengo ya kompyuta Afrika Kusini tangu Machi 2019. Mei 2024 hiyo hiyo, Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa Olkaria, Kenya, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini. Nairobi haifiki kilomita 600 kutoka hapa. Siku mashine za gemu zitakapowekwa hapo jirani, na waya wa faiba ukafika kwenye zile nguzo, nitaamka tena saa kumi na mbili asubuhi. Nitamwita mpwa wangu.

Usiku Stars waliwafunga Madagascar mbili kwa moja. Aliyezima redio nilikuwa mimi. Nilimwomba fundi viatu aje atazame na sisi, nikampa kiti cha mbele. Magoli yote matatu tuliyaona kwa pamoja. Genge la chips bado walichelewa.

Jumapili, 10 Agosti

Pedi ya pili imefika. Ilikuwa stendi tangu Jumatano, imeandikwa jina la mtu mwingine.

Asubuhi, kibanda kikiwa bado kimefungwa, niliifungua PS4 ya kushoto kwa mara ya tano. Mezani mkeka, juu ya mkeka taulo. Nilitoa feni, nikaipiga brashi ya rangi, ile ndogo ya inchi moja. Vumbi lilitoka limeshikana na unga kama uji mkavu. Nilikwangua pesti ya zamani juu ya prosesa, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Halafu nilikata kipande cha soksi ya nailoni ya mke wangu, kwa ruhusa yake, nikakifunga upande ambao feni inavuta hewa. Vumbi la Chang'ombe litakaa kwenye soksi kwanza, na soksi nitaifua kila Jumapili. Niliiwasha. Feni ilizunguka kimya mpaka nikainama kuhakikisha kwamba inazunguka.

Saa saba nilimfuata kijana mdogo kwao. Alikuwa anaosha vyombo. Mama yake alitaka kujua kama amevunja kitu kibandani. Nikamwambia hapana, mimi ndiye nina deni naye.

Nilimweka kwenye PS4 ya kushoto, mazoezi ya penalti, pedi mpya. Nikamwambia asilipe mpaka kidole kirudi. Ya kwanza alipiga mapema. Ya pili mapema. Ya tatu akashusha pumzi, akasubiri mno, akapiga juu. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo pembeni yake na sikusema kitu. Nje upepo ulikuwa unagonga bati. Ya sita iligonga mwamba.

Ya saba aliangalia kipa akianza kulala kulia, akapiga kushoto, na mpira ukaenda pale pale alipoutuma, wakati ule ule.

Aliniomba apige nyingine kumi ili awe na uhakika. Nilimruhusu. Kwenye benchi walikuwa wameshafika watano, na wa kwanza wao akaanza kulalamika kuhusu zamu.